C&F tatu za Mombasa: ya bei, ya wakala na ya daftari

Mombasa, herufi C na F zimejaa kila pembe. Ukifungua simu kutafuta gari la Japani, chini ya picha kuna bei ya dola ikifuatwa na "C&F Mombasa". Ukipita Moi Avenue au ukiteremka Shimanzi, ofisi moja baada ya nyingine ina kibao cha "C&F Agents". Ukirudi dukani ukamkuta mweka hesabu wako amejaza ukurasa, chini kabisa ya safu ya pesa ameandika "c/f". Ni mambo matatu mbalimbali, na yote matatu yanagusa mfuko. Mtu akiyachanganya hulipa kitu kimoja mara mbili, au mzigo hufika bandari ya Kilindini naye hana pesa za kuutolea.

Kuzitofautisha hakuhitaji kusomea uhasibu. Angalia kilicho jirani nayo. Ikitanguliwa na bei na kufuatwa na jina la bandari, hiyo ni cost and freight: bei ya bidhaa pamoja na nauli ya meli. Ikikaa karibu na jina la kampuni, na leseni, au na ankara ya huduma, hiyo ni clearing and forwarding: kazi ya kuutoa mzigo forodhani na kuufikisha kwako, ile ambayo sote tunaiita kuklia. Ikiandikwa kwa herufi ndogo na mkwaju katikati, ubavuni mwa jumla ya ukurasa, hiyo ni carried forward: salio linalohamia ukurasa unaofuata.

Hayo ndiyo maana. Kazi iko kwenye kuchagua, na ya kwanza ndiyo yenye mitego mingi.

C&F ya bei, na jirani zake FOB na CIF

Vifupisho hivi vya bei vinatoka kwenye Incoterms, masharti ya biashara yanayotolewa na Chama cha Biashara cha Kimataifa, ICC, chenye makao yake Paris. Yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1936 na yamerekebishwa mara kadhaa. Toleo la 2020 lina masharti 11. C&F haimo tena kwa jina hilo. Tangu toleo la 1990 inaitwa CFR. Wauzaji wa magari, vigae na vipuri hawakuliacha jina la zamani, na wanunuzi wa hapa wamelizoea, kwa hiyo ukiona C&F na CFR jua ni kitu kimoja. Lakini kwenye mkataba au kwenye barua ya mkopo ya benki, dai iandikwe "CFR Mombasa, Incoterms 2020". Kifupisho ambacho hakimo kwenye toleo lolote la sasa huacha mlango wazi kwa kila mmoja kukisoma anavyotaka siku ya ugomvi.

FOB (free on board) ni bei ya mzigo hadi upakiwe melini, bila nauli. CIF (cost, insurance and freight) ni C&F pamoja na bima. Tuchukue mfano. Duka la vigae la Mwembe Tayari linaagiza kontena moja kutoka Morbi, Gujarat, mji unaojulikana India nzima kwa viwanda vya vigae. Mzigo unapakiwa bandari ya Mundra. Muuzaji anatuma bei tatu. Tarakimu nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu:

| | FOB Mundra | C&F Mombasa | CIF Mombasa |
|---|---|---|---|
| Bei kwa dola | 9,000 | 10,500 | 10,600 |
| Anayetafuta na kulipa meli | wewe | muuzaji | muuzaji |
| Anayekata bima | wewe ukitaka | wewe ukitaka | muuzaji |
| Hatari inahamia kwako | mzigo ukishapakiwa melini Mundra | mzigo ukishapakiwa melini Mundra | mzigo ukishapakiwa melini Mundra |
| Gharama za Kilindini na ushuru | wewe | wewe | wewe |

Tazama mstari wa hatari. Safu zote tatu zinasema Mundra. Hapa ndipo C&F inapowaponza wengi. Bei imeandikwa "Mombasa", mnunuzi anaamini kwamba muuzaji anauchunga mzigo hadi Mombasa. Sivyo. Muuzaji amelipa nauli hadi Mombasa, lakini tangu mzigo ulipopanda meli kule India, ukizama ni wako, ukiungua ni wako, vigae vikipasuka kwa mawimbi ni vyako. Jina la mji kwenye C&F linaonyesha nauli inakomea wapi. Halisemi neno lolote kuhusu hatari. Kwenye FOB mji unaotajwa ni wa kupakia, na kwenye C&F na CIF ni wa kushushia.

Kwa hiyo bima si ya kuwaachia matajiri. Mwezi Machi 2021 meli Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku 6, makontena yake hayakuzama wala kuungua. Hata hivyo mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, kanuni ya kale ya baharini inayomtaka kila mwenye mzigo achangie gharama za kuiokoa meli kwa kadiri ya thamani ya mzigo wake. Mwenye bima humwachia kampuni ya bima jambo hilo. Asiye na bima huambiwa aweke dhamana mkononi kabla ya kuachiwa kontena lake. Mtu anaweza kuwa na vigae vizima kabisa na bado asivipate.

Sasa, je, si bora basi kulipa zile dola 100 za ziada na kuchukua CIF? Kwa mnunuzi wa Kenya jibu langu ni hapana, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni sheria. Sheria ya Bima ya Kenya inamtaka mwagizaji akate bima ya mzigo wa baharini kwa kampuni iliyosajiliwa nchini. Usimamizi wa jambo hili kwa waagizaji ulikazwa kuanzia Januari 2017, na Februari 2025 Mamlaka ya Mapato, KRA, ikatangaza kwamba bima hiyo ikatwe kwa njia ya mtandao uliounganishwa na mfumo wake wa forodha. Ukinunua kwa CIF, bima ya Gujarat umeshailipia ndani ya bei, na ukifika hapa utakata nyingine. Umelipa bima mbili kwa mzigo mmoja.

Ya pili ni aina ya bima yenyewe. Chini ya CIF muuzaji anawajibika kukata kiwango cha chini tu: asilimia 110 ya thamani ya mkataba, kwa masharti ambayo wenye bima huyaita Institute Cargo Clauses (C), hapa tuyaite Kundi C. Kundi C linafidia majanga makubwa, kama vile moto, meli kuzama, kugongana, kukwama. Wizi haumo. Kuvunjika kwa vigae kwa misukosuko ya safari hakumo. Ukikata mwenyewe hapa Mombasa, unakaa na ajenti wa bima, unamwambia mzigo ni wa kuvunjika, unachagua Kundi A ambalo ni pana zaidi, na likitokea la kudai unadai kwa Kiswahili kwenye ofisi unayoweza kuiendea kwa miguu.

Basi kati ya C&F na CIF, chukua C&F.

Kati ya FOB na C&F, inategemea wewe ni nani. Anayeleta kontena moja kwa mwaka hana nguvu ya kujadiliana na shirika la meli, na muuzaji anayepakia makontena kila wiki hupata nauli nafuu kuliko yeye. Huyo C&F inamfaa. Lakini mwenye kuleta mara kwa mara aanze kuulizia FOB. Kwenye FOB wewe ndiye mteja wa shirika la meli, kwa hiyo wewe ndiye unayejadili siku za bure za kukaa na kontena kabla faini haijaanza kuhesabiwa. Kwenye C&F muuzaji ndiye aliyechagua meli, naye alichagua iliyomfaa yeye. Siku za bure zikiwa chache, zinazokwisha ni zako. Anayebaki na C&F basi amwombe muuzaji aandike siku za bure za Mombasa kwenye ankara kifani (proforma) kabla ya kutuma pesa. Mara nyingi anaweza kuzipata akiombwa mapema, na hakuna anayezitoa baada ya meli kutia nanga.

Pana C&F moja ambayo ningeiepuka kabisa: ya mzigo mdogo unaochanganywa na wa wengine ndani ya kontena moja. Nauli inayonukuliwa huko ng'ambo huonekana ya kutupa, wakati mwingine karibu bure. Kisha mzigo unafika, na wakala wa huku aliyefungua kontena anakuletea orodha ya gharama za kushusha, kutenganisha, hati na uendeshaji, ambazo wewe hukuwahi kuziona wala kuzikubali. Nauli haikuwa ndogo. Imehamishiwa Mombasa, mahali ambapo huna pa kukimbilia kwa kuwa mzigo uko mikononi mwao. Kwa mzigo wa aina hii nunua FOB, tafuta mwenyewe msafirishaji, na umwombe bei ya kuanzia kule hadi kutoka ghalani huku kwa maandishi.

Gari kuukuu kutoka Japani lina hesabu yake. Linakuja kwenye meli za magari, linaendeshwa kuingia na kutoka, na mtu wa gari moja hawezi kujikodia nafasi humo. C&F ndiyo njia ya kawaida, na iko sawa. Uliza tu kama ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa umo ndani ya bei, kwa sababu gari haliingii Kenya bila cheti hicho, wala haliingii likiwa limezidi umri wa miaka 8. Na usidhani kwamba bei ndogo ya C&F itakupunguzia ushuru. KRA haianzi na ankara yako kwa gari kuukuu. Inaanza na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, iliyo kwenye orodha yake, kisha inapunguza kulingana na umri. Magari mawili ya mwaka mmoja na aina moja, moja la C&F dola 4,000 na jingine dola 5,200, hutozwa ushuru kwa thamani ile ile.

Kwa bidhaa nyingine, ankara ina uzito. Forodha ya Kenya huhesabu kwa msingi wa CIF: bidhaa, nauli na bima. Ukinunua kwa FOB au C&F, vilivyobaki huongezwa juu ili kufikia CIF, ndipo ushuru wa forodha unahesabiwa hapo, na VAT ya asilimia 16 juu ya CIF pamoja na ushuru. Hivyo kuchagua FOB hakukwepeshi ushuru wa nauli, ijapokuwa wapo wanaokuambia hivyo.

C&F ya wakala

Mazungumzo haya husikika sana kwenye ofisi za Shimanzi, na yanauma kuyasikiliza:

"Ami, mimi C&F nilishalipa yote. Nina risiti ya benki."

"Ulolipa ni nauli ya meli, mwanangu. Kuklia hujalipa bado."

"Si imeandikwa C&F Mombasa?"

"Ndiyo. Na Mombasa imefika. Sasa kuitoa."

Kijana ana haki ya kushangaa. Herufi ni zile zile, mji ni ule ule. Lakini C&F ya bei inakomea meli inapofika, na C&F ya wakala inaanzia hapo hapo. Kati yake hakuna hata shilingi moja inayovuka.

Kazi ya wakala ni kuwasilisha tamko la uagizaji kupitia mfumo wa KenTrade, shirika la serikali la mtandao wa hati za biashara, kufungua hati ya forodha KRA kwa PIN yako ya mlipa kodi, kuchukua idhini ya kutoa mzigo kwa shirika la meli, kulipia Mamlaka ya Bandari, KPA, kusimama wakati mzigo unakaguliwa, na kuutoa getini hadi kwenye lori. Magari mengi, na makontena mengi pia, hayatolewi bandarini kwenyewe bali kwenye yadi za CFS (container freight station, vituo vya mizigo nje ya bandari) zilizotapakaa Changamwe, Miritini na kwingineko, na yadi nazo zina ada yake.

Unapolinganisha mawakala wawili, usilinganishe jumla. Mmoja atakuambia bei moja ya kila kitu, mwingine atakuletea mchanganuo mrefu unaotisha. Watu hukimbilia wa bei moja kwa kuwa anatuliza moyo. Mimi humchagua wa mchanganuo. Ankara ya wakala ina pesa za aina mbili: zile anazolipa kwa niaba yako, yaani ushuru, KPA, shirika la meli, na ile ada yake mwenyewe. Za kwanza ni gharama za serikali na za watu wengine, naye anapaswa kukupa risiti ya kila moja. Ya pili ndiyo anayoweza kushindana kwayo, na ndiyo pekee anayoiwekea VAT yake. Kwenye bei moja ya jumla, aina hizi mbili zimefungwa pamoja na hujui ushuru ulikuwa kiasi gani. Ukikuta VAT ya wakala imehesabiwa juu ya jumla yote, pamoja na ushuru, irudishe ankara hiyo.

Ushuru wenyewe unaweza kuulipa wewe. Hati ikishafunguliwa, mfumo wa KRA hutoa namba ya malipo, na namba hiyo hulipwa benki na yeyote. Omba namba, lipa, kisha mtumie wakala risiti. Wakala mwaminifu hatakasirika.

Na kabla ya yote, angalia leseni. Wakala wa forodha hupewa leseni na KRA kwa mwaka, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na majina ya wenye leseni hutangazwa na KRA yenyewe. Wapo wanaofanya kazi kwa kuazima jina la kampuni nyingine. Ikitokea shida, kampuni yenye jina haikujui, na uliyempa pesa hana jina kwenye hati yoyote.

c/f ya daftari

Hii haihitaji maneno mengi. Ukurasa wa leja ukijaa, jumla yake inaandikiwa c/f, na kiasi kile kile kinafungua ukurasa wa pili kikiwa na b/f (brought forward, kilicholetwa kutoka nyuma). Ukiona chini "c/f 348,250" na juu ya ukurasa wa pili "b/f 384,250", mkono uliteleza, na tofauti ya 36,000 itakutafuta hadi mwisho wa mwezi. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Wanafunzi wa biashara huwa na c/d (carried down) na b/d (brought down) pia: hizo ni za kufunga akaunti na kuifungua papo hapo chini yake, wakati c/f huhama ukurasa au kipindi. Kwenye jedwali za kompyuta CF huwa ni mtiririko wa fedha, na CFS kwa mhasibu ni taarifa ya mtiririko huo, si yadi ya Miritini.

Linalohitaji uangalifu ni akaunti yenyewe kupewa jina "C&F". Nimeona vitabu ambamo nauli ya meli na ada ya kuklia zimetupwa humo pamoja kwa sababu karatasi zote mbili zilikuwa na herufi hizo. Zigawe: "Nauli ya meli" peke yake, "Ada ya wakala" peke yake. Ndipo utakapojua gharama za mwaka huu zimepanda kwa sababu ya meli au kwa sababu ya Shimanzi. Zote mbili, pamoja na ushuru na bima, huingia kwenye gharama ya mzigo ghalani kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 2, na bei ya kigae kimoja ihesabiwe kutoka hapo. VAT ya forodha isiingie humo kama umesajiliwa kwa VAT, kwa sababu utaidai, na muda wa kuidai Kenya ni miezi 6.

Mwisho wa mwaka C&F ya bei na c/f ya daftari hukutana. Meli imetoka Mundra tarehe 27 Desemba, hesabu zinafungwa tarehe 31, kontena liko katikati ya Bahari ya Hindi. Wengi huliacha nje ya vitabu hadi lifike. Lakini kwa kuwa ulinunua C&F, hatari ya vigae ilikuwa yako tangu vilipopanda meli, na deni lako kwa muuzaji lihesabiwe tangu siku hiyo. Chukua hati ya shehena, tazama tarehe ya kupakiwa, fungua akaunti ya mzigo ulio njiani, ingiza dola 10,500 kwa shilingi za siku hiyo, kisha andika c/f.